Kukausha mlonge, manjano, tangawizi na mchaichai nyumbani bila ukungu wala kupauka: mwongozo kamili

Wengi wanaopanda mlonge, manjano, tangawizi na mchaichai nyuma ya nyumba hawana shida bustanini. Mimea inastawi, inavunwa vizuri, kisha inaharibikia kwenye kuanika. Unga wa mlonge unatoka na rangi ya ugoro. Manjano yanakauka nje huku kiini bado kibichi, na baada ya wiki chache kopo lina ukungu. Mchaichai unakauka, lakini ukiutia kwenye maji ya moto haunukii.

Chanzo kikubwa ni kuanika vyote kwa mtindo mmoja: turubai chini, jua kali, kama mtu anayeanika mahindi. Mlonge na mchaichai hukaushwa kivulini. Manjano huchemshwa kwanza. Tangawizi huparuliwa ngozi na haichemshwi. Na vyote vinne vinataka hewa ipite juu na chini, jambo ambalo turubai haliruhusu.

Hasara yenyewe haiishii kwenye rangi na harufu. Ukungu unaoota kwenye chakula kisichokauka sawasawa unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ndiyo iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Kitu unachomkorogea mgonjwa kwenye uji hakitakiwi kuwa na hata punje ya ukungu.

## Vifaa

- Fremu 2 za mbao, kila moja mita 1 kwa mita 1.
- Wavu wa plastiki wa madirisha (ule wa kuzuia mbu) wa kutosha fremu zote mbili. Usitumie wavu wa chuma: hushika kutu na kuacha madoa kwenye majani.
- Nguzo au matofali ya kuinua fremu hadi kiunoni.
- Kitambaa cheusi chepesi cha kufunikia, kinachopitisha hewa.
- Beseni 3 na ndoo ya maji safi.
- Chumvi ya kawaida.
- Sufuria kuukuu yenye mfuniko. Manjano hutia doa, kwa hiyo usitumie sufuria unayoipenda.
- Kisu kikali, kijiko cha chuma, ubao wa kukatia na glavu.
- Mizani inayosoma gramu. Kama huna, pima dukani kwa jirani.
- Kinu na mchi, au blenda kavu.
- Chekeche la unga.
- Chupa za kioo zenye mifuniko inayobana, zilizooshwa na kukauka kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua siku zako

Anza tu ukiwa na uhakika wa siku 4 zisizo na mvua. Katikati ya masika, yaani Machi hadi Mei, usijaribu kuanika nje pwani. Hewa ya Tanga, Unguja au Mombasa wakati huo imejaa unyevu, na kilichokauka mchana hunyonya maji usiku.

Majira mazuri ya pwani ni kaskazi, Januari na Februari, kisha miezi ya baridi kuanzia Juni. Bahati nzuri manjano na tangawizi zilizopandwa mwanzo wa masika hukomaa karibu na kaskazi. Wa Dodoma na Singida wana hewa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Adui yao mkubwa ni vumbi, kwa hiyo kitambaa cha kufunikia ni lazima.

## Hatua ya 2: Tengeneza kichanja

Tandaza wavu juu ya fremu, uvute mpaka ukaze, kisha upigilie misumari midogo kila baada ya sentimita 5. Wavu uliolegea hutengeneza bonde katikati. Majani hukusanyika hapo na kuvunda.

Inua fremu angalau sentimita 80 kutoka ardhini. Hapo unyevu wa udongo, kuku na matone ya mvua vinakuwa mbali, na upepo unapita chini. Weka kichanja barazani au chini ya banda lililo wazi pande mbili. Chumba kilichofungwa madirisha hakifai hata kama kina joto, kwa sababu maji yanayotoka kwenye majani hayana pa kwenda.

Umefanikiwa kama: ukiweka kiganja chini ya wavu unahisi upepo, na kitu kizito cha nusu kilo kikiwekwa katikati hakiuzamishi.

## Hatua ya 3: Vuna na osha mlonge

Kata matawi asubuhi umande ukishakauka, kama saa tatu au saa nne. Chukua majani ya kijani yaliyokomaa. Acha yaliyoanza kuwa ya njano na yenye madoa.

Usiyajaze kwenye kiroba. Majani ya mlonge yaliyorundikwa hupata joto yenyewe, na ndani ya saa chache yale ya katikati yanaanza kuvunda. Rangi ya ugoro inayolalamikiwa mara nyingi huanzia hapa, kabla hata ya kuanika. Yabebe kwenye tenga au kikapu, na uanze kuyaosha siku ile ile.

Osha matawi mazima, kabla ya kuchambua. Majani mabichi yaliyochambuliwa hushikana yakilowa na ni kazi kuyatenganisha. Utaratibu ni huu:

1. Beseni la kwanza, maji matupu: tumbukiza tawi, tikisa, toa vumbi na wadudu.
2. Beseni la pili, maji ya chumvi: gramu 10 za chumvi kwa kila lita 1 ya maji, yaani karibu vijiko 2 vya chai vilivyofutwa. Loweka dakika 3 hadi 5. Chumvi hupunguza vijidudu.
3. Beseni la tatu, maji safi: suuza chumvi itoke. Chumvi ikibaki huvuta unyevu, na unga utagandamana baadaye.

Kung'uta kila tawi kwa nguvu, kisha yaning'inize kivulini mpaka yaache kudondosha maji. Dakika 15 hadi 30 zinatosha kukiwa na upepo.

Tahadhari: maji ya kisima kichafu yanaongeza vijidudu badala ya kuvipunguza. Kama hunywi maji hayo, yachemshe na yapoe kabla ya kuoshea.

## Hatua ya 4: Anika mlonge

Chambua majani kutoka kwenye vikonyo kwa kuvuta vidole kuanzia ncha kurudi nyuma. Tupa vikonyo: hukauka polepole kuliko majani, na ndivyo vinavyofanya unga ukwaruze kooni.

Tandaza majani kwenye wavu, yasizidi kilo 1 kwa mita 1 ya mraba. Hiki ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Mtu anakuwa na kilo 4 na fremu moja, anazimwaga zote, kisha anashangaa tabaka la chini limekuwa jeusi. Kama majani ni mengi kuliko nafasi, pika yaliyozidi kama mboga jioni hiyo.

Funika kwa kitambaa cheusi bila kukilaza juu ya majani. Mwanga wa jua huharibu vitamini A na kupausha rangi, na vitamini A ni moja ya sababu kubwa za watu kutumia mlonge. Mikono ikiwa safi na mikavu, geuza majani mara 3 kwa siku. Usiku ingiza fremu ndani kama nje kuna umande.

Yaliyotandazwa vizuri hukauka ndani ya siku 2 hadi 4. Yakifika siku ya tano bado malaini, usiendelee kubahatisha. Nusa: yakiwa na harufu ya uvundo au ya chachu, yamekwisha kuharibika na yatupwe kwenye mboji.

Umefanikiwa kama: jani linavunjikavunjika kati ya vidole kama karatasi kavu, bado ni la kijani, na lina harufu ya mboga kavu. Kijani kinaweza kufifia kidogo. Kahawia haikubaliki.

## Hatua ya 5: Chemsha manjano

Manjano, ambayo wengine huyaita binzari, huvunwa majani ya juu yakishakauka na kulala, takriban miezi 8 hadi 9 tangu kupandwa. Ukichimba mapema unapata vidole vyenye maji mengi na rangi hafifu.

Yachemshe ndani ya siku 2 au 3 tangu kuchimba. Kuchemsha kuna kazi nne: kunaua machipukizi, kunasambaza rangi sawa hadi kiini, kunapunguza ile harufu ya udongo, na kunafupisha muda wa kukauka. Anayeruka hatua hii hupata vipande vyenye mwonekano mzuri ila ndani vina mabaka.

1. Osha kwa brashi mpaka udongo utoke kwenye mikunjo yote.
2. Tenganisha vichwa, yaani yale mafundo mazito ya katikati, na vidole. Vichwa huchelewa kuiva, hivyo ukivichanganya, vidole vitarojeka huku vichwa vikiwa vibichi.
3. Weka vidole kwenye sufuria, mimina maji yapite juu yake kama sentimita 5, funika.
4. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 45 hadi 60. Povu litapanda, na mvuke utaanza kunukia manjano yenyewe.
5. Choma kidole kinene kuliko vyote kwa njiti ya mshikaki. Njiti ikipenya bila kukwama, epua na umwage maji mara moja.

Usiongeze magadi wala rangi. Yaliyopitiliza kuiva huwa na rangi iliyofubaa na hupukutika yakikauka, kwa hiyo baada ya dakika 40 usiondoke jikoni.

## Hatua ya 6: Anika manjano

Hapa kuna njia mbili, na huwezi kuzichanganya.

Vidole vizima. Hivi huanikwa juani, kwa kuwa ganda lake linalinda rangi ya ndani. Huchukua siku 10 hadi 15. Jioni vikusanye na uvifunike visilowe umande. Njia hii inafaa sehemu zenye jua la uhakika.

Vipande. Baada ya kuchemsha na kupoa, kata vipande vya milimita 5 na uvitandaze kivulini, tabaka moja, visigusane. Hukauka kwa siku 3 hadi 5. Kwa anayeishi pwani, hii ndiyo njia ya kufuata. Siku 15 za jua mfululizo ni nadra, na kidole kizima kilichonyeshewa siku ya nane hakirudi tena katika hali yake.

Kwa nini vipande visiangaliane na jua? Mwenye kanga iliyotiwa doa la manjano anajua kwamba ukiianika juani siku chache, doa linapauka. Rangi ile ile ndiyo iliyo kwenye vipande vyako, na jua litaifanyia vivyo hivyo.

Umefanikiwa kama: kidole kizima ukikivunja kinatoa mlio mkali, kama wa kitu cha chuma, na ndani ni rangi moja ya chungwa iliyoiva kuanzia ukingoni hadi katikati. Duara jeusi au laini katikati maana yake bado. Vipande vivunjike bila kupinda.

Vidole vizima vikikauka, visuguane ndani ya gunia safi ili ganda la nje litoke. Vipande havihitaji.

## Hatua ya 7: Tangawizi

Vuna majani yakishakuwa ya njano na kuanguka, kama miezi 8 hadi 10. Tangawizi changa ni nzuri kwa achari, lakini kwa kukausha ina maji mengi mno.

Paruza ngozi kwa ukingo wa kijiko. Usitumie kisu, kwa sababu mafuta yenye harufu yako chini kidogo tu ya ngozi na kisu huondoka nayo. Ngozi yenyewe lazima itoke, maana inazuia maji kutoka.

Kata vipande vya milimita 3 hadi 5, kwa kukatiza nyuzi. Ukikata kwa kufuata urefu, nyuzi zinabaki ndefu, na unga utajaa vitu kama nywele ambavyo hata chekeche halivitoi vizuri.

Tangawizi inavumilia jua. Tandaza tabaka moja, geuza mara mbili kwa siku, na kwa jua zuri siku 2 hadi 4 zinatosha. Kipande kikavu hukatika kwa mlio na ndani ni cheupe chenye rangi ya krimu. Kikiwa na rangi ya kijivu au utelezi, tupa.

Kumbuka kwamba iliyokaushwa ina ukali zaidi, kwa kuwa kemikali za ukali hubadilika wakati wa kukauka. Usitie kiasi ulichozoea kutia cha mbichi iliyotwangwa.

## Hatua ya 8: Mchaichai

Huu ni rahisi. Vaa glavu, kwani makali ya majani hukata. Kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ili shina lichipue tena. Osha, futa maji kwa kitambaa, kata vipande vyenye urefu wa kidole, tandaza kivulini siku 3 hadi 5.

Usikatekate vidogo sana kabla ya kuanika, na usianike juani. Harufu ya mchaichai ni mafuta yanayoruka, na kila mkato ni mlango wa kutokea. Ukiufikicha ukiwa mkavu na pua ikapata ndimu, umefaulu.

## Hatua ya 9: Hakikisha umekauka kweli

Vidole vya mkono hudanganya, hasa hewa ikiwa na unyevu. Tumia vipimo hivi viwili.

Mizani. Pima uzito, rudisha kwenye kichanja kwa muda wa saa 3 za mchana mkavu, pima tena. Ukipungua, bado kuna maji. Ukibaki ule ule, umekauka. Kwa makadirio, kilo 7 za majani ya mlonge yaliyochambuliwa hutoa karibu kilo 1 ya makavu. Tangawizi na manjano, karibu kilo 5 kwa kilo 1. Ukianika kilo 5 za manjano na kubaki na kilo 2, usijaribu kuyafungia.

Chupa. Jaza chupa ya kioo nusu, funga, iache ndani ya nyumba saa 24. Ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, au vipande vikirudi kuwa laini, anika tena. Rudia kuangalia kwa siku 5, ukitikisa chupa kila siku.

## Hatua ya 10: Saga na hifadhi

Saga kidogo kidogo. Unga hunyonya unyevu haraka kuliko majani au vipande vizima, na harufu hupotea mapema. Kiasi cha mwezi mmoja kinatosha. Kilichobaki kikae bila kusagwa.

Blenda izungushwe sekunde 20, ipumzike, iendelee. Ikichemka, inapika mlonge wako. Mashine ya kusaga mahindi haifai kwa kiasi cha nyumbani: inaacha pumba za mahindi ndani ya unga, na huwezi kujua mahindi hayo yalikuwa na nini.

Chekecha, kisha utandaze unga kwenye sinia kavu nusu saa upoe kabla ya kufunga. Unga ukifungwa na joto hutoa jasho ndani ya chupa.

Jaza chupa hadi karibu na mdomo. Bandika karatasi yenye jina na tarehe. Weka kabatini gizani, mbali na jiko. Rafu iliyo juu ya jiko inapendwa na wengi lakini ina mvuke na joto kila siku. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, kwani tone moja la uji linatosha kuanzisha ukungu. Unga wa mlonge utumike ndani ya miezi 6. Vipande vizima vya manjano na tangawizi hufika mwaka.

Ukiona nyuzi nyeupe, madoa ya kijani au meusi, au kunusa harufu ya ghala, tupa chupa yote. Kutoa sehemu iliyoharibika na kutumia iliyobaki hakusaidii, kwa sababu sumu haionekani.

## Hatua ya 11: Kiasi, na nani awe mwangalifu

Mlonge: anza na nusu kijiko cha chai kwa siku, kisha kijiko 1 kilichofutwa. Koroga kwenye uji au mboga ukishaepua. Ukianza na vijiko vitatu, tumbo litaendesha. Ni mboga yenye chuma, kalsiamu na vitamini A. Hautibu UKIMWI wala kisukari, na dawa zisiachwe kwa sababu yake. Mizizi na magome ya mlonge hayafai kwa mjamzito hata kidogo.

Manjano: robo hadi nusu kijiko cha chai kwenye maziwa au mchuzi, pamoja na mafuta kidogo na pilipili manga, ambazo husaidia mwili kuyafyonza. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo asiyatumie kama dawa. Mwenye upungufu wa damu asiyazidishe, maana kwa wingi yanazuia chuma.

Tangawizi: robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, kwa kichefuchefu au mafua. Mjamzito amwulize mhudumu wa kliniki kabla ya kuitumia kila siku.

Mchaichai: majani makavu ya kujaza vidole vitatu kwa kikombe, uyafunike dakika 5 hadi 10 kabla ya kuchuja. Kikombe kikiachwa wazi, harufu huondoka na mvuke.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kutumia mlonge, manjano au tangawizi: mlonge una vitamini K inayoweza kudhoofisha dawa hiyo, na hizo nyingine mbili zinaweza kuongeza kutoka damu. Anayetumia dawa za kisukari au presha apime mara nyingi zaidi siku za mwanzo za mlonge, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kushuka kupita kiasi. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji aache manjano na tangawizi za dawa wiki 2 kabla.

Mtoto chini ya miezi 6 hapewi chochote kati ya hivi. Ni maziwa ya mama tu. Chini ya mwaka 1 asipewe mchanganyiko wowote wenye asali. Na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Chai ya tangawizi au mchaichai, kwa aliyefikisha umri wa kuinywa, inaweza kusubiri mpaka arudi na majibu.